Jinsi Impasavyo Kijana Kushika Gongo la Besiboli

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Nchini Marekani watoto wengi huanza kuufundishwa wakiwa na umri wa miaka mitano au sita. Huchezwa sana pia huko Japani, Korea ya Kusini, Kuba, Venezuela na Jamhuri ya Dominika. Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu ni mgeni, lakini si mgeni kabisa. Mwaka 2011 kikosi cha watoto wa Uganda kilipata haki ya kwenda Marekani katika mashindano makubwa ya dunia ya watoto, lakini safari ikavunjika kwa kukosa viza. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi, mji ulio katika barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja, walifika Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, wakawa kikosi cha kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Mwaka 2015 watoto wengine wa Uganda waliwashinda watoto wa Jamhuri ya Dominika kwa alama 4 kwa 1.

Mtu autazamaye mchezo huu kwa mara ya kwanza huutazama mpira unavyoruka angani. Waalimu wa mchezo hawaanzi hapo. Wao huitazama kwanza mikono ya mpigaji, hata kabla mpira haujarushwa. Wanajua ya kuwa mtoto aliyeshika gongo vibaya atachelewa kupiga, viganja vyake vitamwasha, na pengine ataumia mfupa. Tena gongo laweza kumponyoka likamjeruhi mwenzake. Lililo baya zaidi ni kwamba watoto wengi huuacha mchezo wakidhani hawakujaliwa kipawa, na kumbe kosa lilikuwa katika vidole tu.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Vikosi ni viwili, na kila kimoja kina wachezaji tisa. Mrushaji wa kikosi kimoja husimama katikati ya uwanja, juu ya kichuguu kidogo, akamrushia mpira mpigaji wa kikosi cha pili. Mpigaji husimama kando ya kibao cheupe kilicholazwa chini, na nyuma yake huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira vema, huliacha gongo akakimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Akirudi salama kwenye kibao alipoanzia, kikosi chake hupata alama moja. Mpigaji aliyekosa mara tatu, zamu yake imekwisha.

Katika mchezo wa watu wazima, kutoka kwa mrushaji hadi kwenye kibao ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na kidogo. Warushaji hodari huupeleka mpira kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa na zaidi, nao hufika kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Watoto wa chama cha Little League, kilichoanzishwa Williamsport mwaka 1939, huchezea uwanja mdogo zaidi, na umbali huo ni futi 46, kama mita 14. Mpira uliorushwa na mtoto kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa humfikia mpigaji kwa zaidi kidogo ya nusu ya sekunde.

Katika muda huo mfupi mpigaji hana budi kuuona mpira, kukata shauri na kupiga. Hapana nafasi ya kutengeneza mikono. Kama mikono ilikaa vibaya kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, itabaki vibaya mpaka mwisho. Kwa sababu hiyo namna ya kushika ni jambo la kufundishwa nje ya uwanja, polepole, na kurudiwa mpaka liwe mazoea.

MKONO UPI UWE CHINI

Gongo lina sehemu tatu ambazo mtoto yampasa kuzijua. Kule mwisho ni tumbo la gongo, sehemu nene ipigayo mpira. Katikati hupungua unene polepole mpaka kuwa mpini, na mwisho wa mpini ni kirungu kidogo cha duara kinachozuia mkono usiteleze.

Mpigaji wa kulia ni yule ambaye bega lake la kushoto humwelekea mrushaji. Huyo huweka mkono wa kushoto chini, karibu na kirungu, na mkono wa kulia juu yake. Mpigaji wa kushoto hufanya kinyume chake. Mikono miwili igusane, pasiwe na nafasi kati yake, ili ifanye kazi kama mkono mmoja.

Watoto wadogo hukosea hapa mara nyingi, wakaibadilisha mikono. Mtoto akifanya hivyo mikono yake hupishana mbele ya kifua, na apigapo, mkono mmoja humzuia mwenzake. Gongo halifiki mbele kwa wepesi, na vifundo vya mikono vyaweza kuteguka.

Kosa hili lisichukuliwe kuwa ni alama ya upumbavu. Henry Aaron, aliyejulikana kwa jina la Hank, alizaliwa mwaka 1934 huko Mobile, katika jimbo la Alabama. Wakati ule sheria za jimbo hilo ziliwatenga watu weusi, na nyumbani kwao hapakuwa na fedha za kununulia vifaa vya mchezo. Alijifunza kwa kupiga vizibo vya chupa kwa kijiti. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alizoea kuweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini, ingawa alikuwa mpigaji wa kulia. Mwaka 1952, alipokuwa na umri wa miaka 18 na kuchezea kikosi cha watu weusi kilichoitwa Indianapolis Clowns, mazoea hayo yalikuwa bado hayajamtoka. Akaonywa, akaibadilisha mikono, akajizoeza upya. Alicheza katika ligi kuu tangu mwaka 1954 hadi 1976. Tarehe 8 Aprili 1974 aliipita hesabu ya Babe Ruth ya mapigo 714 ya kuvusha mpira nje ya ua, na alipoacha kucheza alikuwa amefikisha 755.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto anayeshika vibaya aweza kuwa na kipawa kikubwa, kwa hiyo asichekwe. La pili ni kwamba hata mwenye kipawa kikubwa alihitaji kurekebishwa.

GONGO LIKAE KATIKA VIDOLE

Hili ndilo jambo kuu kupita yote. Gongo hushikwa kwa vidole, wala si kwa kiganja.

Mtoto akipewa gongo bila mafundisho, huusukuma mpini mpaka katikati ya kiganja, akaukumbatia kwa nguvu, kama mtu aliyeokota fimbo ili amuue nyoka. Kushika huko huonekana kuwa ni imara, lakini hukifunga kifundo cha mkono. Msomaji aweza kujaribu mwenyewe hata bila gongo. Akunje ngumi kwa nguvu zake zote, kisha akizungushe kifundo cha mkono. Ataona kwamba hakizunguki kwa wepesi. Sasa ailegeze ngumi na kujaribu tena. Tofauti ataihisi mara moja.

Mfano mwema ni mtu achukuaye ndoo ya maji. Utambo wa ndoo haukai katikati ya kiganja. Hukaa katika vidole vilivyokunjwa, penye mashina yake, na hapo mtu aweza kwenda mwendo mrefu bila mkono kukakamaa. Mpini wa gongo nao ukae mahali hapo hapo, pale vidole vinapokutana na kiganja.

Waalimu wengi hufundisha kwa njia hii. Mtoto asimame wima, miguu yake ikiwa imeachana kwa kadiri ya upana wa mabega. Aliweke tumbo la gongo chini mbele yake, katikati ya miguu, na mpini umwelekee yeye. Ainame kidogo, auache mpini ulale katika mashina ya vidole vya mikono yote miwili, kisha avikunje vidole. Kidole gumba kiuzunguke mpini na kukutana na kidole cha shahada. Baada ya hapo alinyanyue gongo mpaka karibu na bega. Mtoto afanyaye hivi kila mara hawezi kwa urahisi kulisukuma gongo ndani ya kiganja, kwa sababu vidole ndivyo vilivyotangulia kulipokea.

VIUNGO VYA KUPIGIA HODI

Baada ya mtoto kushika kwa vidole, mwalimu hutazama viungo vya vidole vyake. Kila kidole kina kiungo kikubwa kule penye shina lake, na kiungo cha pili katikati. Viungo hivi vya katikati ndivyo mtu avitumiavyo abishapo hodi mlangoni, na kwa jina hilo hata watoto wadogo hukumbuka upesi.

Kanuni ni kwamba viungo vya hodi vya mkono wa juu vielekeane na viungo vya hodi vya mkono wa chini, vikae karibu katika mstari mmoja. Mtoto aliyeshika kwa kiganja huwa amevilinganisha viungo vya mashina badala ya hivyo, na viwiko vyake hutanuka nje kama mabawa ya kuku.

Lakini kanuni hii si kama mstari uliopigwa kwa rula. Mikono ya watu haifanani. Wako wapigaji ambao mkono wa juu huzunguka kidogo, hata viungo vyake vya hodi vikakaa kati ya safu mbili za viungo vya mkono wa chini, nao hupiga vizuri. Waalimu wenye busara huwaruhusu. Wasichokiruhusu ni viungo vya mashina kulingana kwa mstari, maana hapo mikono hufungana.

Iko njia ya kuhakikisha. Mtoto apige pigo polepole, bila mpira, na kusimama pale ambapo gongo lingekutana na mpira. Kama ni mpigaji wa kulia, kiganja cha mkono wake wa kulia kitazame juu, na cha mkono wa kushoto kitazame chini. Ikiwa ni hivyo, mikono inaliunga gongo mkono kutoka nyuma. Ikiwa viganja vimekwisha pinduka, mkono wa juu umejifunga mapema mno, na mpira utabingirika chini badala ya kwenda mbali.

KUKAZA NA KULEGEZA

Watoto wengi, na wazazi wengi pia, hudhani kwamba akazaye sana ndiye apigaye kwa nguvu. Sivyo. Nguvu ya pigo hutoka katika mwendo wa gongo, na mwendo huanza miguuni, ukapita katika nyonga na kiwiliwili, ukafika mikononi mwisho. Mikono iliyokakamaa huuzuia mwendo huo njiani. Mkulima ajua jambo hili ingawa hajapata kuona besiboli. Aukazaye mno mpini wa jembe hutoka malengelenge kabla jua halijapanda, na mwenzake ashikaye kwa wepesi humaliza shamba.

Wataalamu wa elimu ya fizikia wamelichunguza jambo hili kwa vipimo. Mpira na gongo hugusana kwa muda wa kiasi cha sehemu moja katika 1,000 ya sekunde. Mpira ugusapo gongo, mtikisiko huanza kusafiri katika mti kuelekea mpini. Kabla mtikisiko huo haujafika mikononi na kurudi, mpira umekwisha ondoka. Maana yake ni kwamba katika wakati ule wa kugusana, mpira haujui kama mpini umekazwa au umelegezwa. Kukaza hakuuongezei mpira mwendo hata kidogo. Huupunguza tu mwendo wa gongo kabla halijafika.

Kwa hiyo mtoto anayengojea mpira alishike gongo kama ashikavyo kifaranga cha kuku, kwa kadiri ya kukizuia kisikimbie, na si kwa kukiua. Apigapo, mikono itakaza yenyewe bila kuambiwa. Mwalimu aweza kupima kwa kugusa mkono wa mtoto kati ya kiwiko na kifundo. Kama nyama ya hapo imekuwa ngumu kama jiwe hali mpira bado haujarushwa, mtoto amekaza mno. Wapigaji wengi hulitikisa gongo kidogo wakingojea. Huko si kujionyesha. Ni njia ya kuizuia mikono isikakamae.

Hata hivyo kulegeza kuna mpaka wake. Gongo lililoponyoka ni silaha, na watoto wanaosimama karibu ndio walengwa wake. Katika madaraja ya watoto ya Little League, mtoto anayengojea zamu haruhusiwi kusimama uwanjani akipimapima gongo, kwa ajili ya hatari hiyo. Mahali popote watoto wanapofanya mazoezi, yafaa pawe na kanuni ya namna hiyo. Apigaye awe peke yake, wengine wasimame mbali, na kila apigaye avae kofia ngumu.

UTOMVU WA MSONOBARI

Jasho huufanya mpini uteleze, na mtu anayeogopa kuteleza hukaza. Ndiyo sababu wapigaji wengi siku hizi huvaa glovu nyembamba, na wengine hupaka mpini utomvu wa msonobari unaonata. Wakishika kitu kisichoteleza, waweza kulegeza vidole bila hofu.

Sheria za ligi kuu huruhusu utomvu huo usipite inchi 18 tangu mwisho wa mpini. Tarehe 24 Julai 1983 George Brett wa kikosi cha Kansas City Royals, mpigaji asiyevaa glovu, alivusha mpira nje ya ua katika mchezo na New York Yankees. Waamuzi walilipima gongo lake, wakaona utomvu umepita mpaka, wakalifuta pigo. Brett alitoka mbio kwa hasira kuu, na picha zake zimeonyeshwa tangu siku ile mpaka leo. Baadaye mkuu wa ligi alilirudisha pigo lile, na mchezo ukamalizwa tarehe 18 Agosti. Kwa watoto, kitambaa kikavu cha kufutia jasho na mpini uliofungwa vizuri kwa utepe vyatosha.

MAHALI PA MIKONO KATIKA MPINI

Wapigaji mashuhuri hawakushika wote mahali pamoja. Babe Ruth aliushusha mkono wa chini mpaka ukakifunika kirungu, ili gongo liwe refu kadiri iwezekanavyo. Ty Cobb, aliyecheza tangu mwaka 1905 hadi 1928, aliitenganisha mikono yake kwa nafasi ya inchi kadhaa, ili aweze kuuelekeza mpira apendapo. Barry Bonds, aliyepiga mapigo 73 ya kuvusha ua katika mwaka 2001, alipandisha mikono juu kidogo na kukiacha kirungu wazi.

Mtoto akiona haya aweza kudhani kwamba hapana kanuni. Lakini watu hao walikuwa wazima wenye nguvu na ujuzi, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kwa anayeanza, kulifaalo zaidi kulijaribu ni lile la Bonds. Mtoto akipandisha mikono inchi moja au mbili juu ya kirungu, gongo huwa jepesi mikononi mwake, maana uzito wa mbele hupungua. Hupoteza umbali kidogo, lakini hupata wepesi na kuutawala mpira. Waalimu wengi humwambia mpigaji afanye hivyo akiwa amekwisha kosa mara mbili na kubakiwa na nafasi moja. Si aibu, wala si dalili ya unyonge.

GONGO LISILO LA KADIRI YAKE

Mara nyingine kosa si la mtoto bali la mnunuzi. Mzazi huenda dukani akanunua gongo kubwa, akiwaza ya kuwa mtoto atakua na kulifikia, kama anunuavyo shati la shule lenye mikono mirefu. Shati kubwa halimdhuru mtoto. Gongo kubwa humdhuru. Mtoto asiyeweza kulibeba gongo kwa vidole hulazimika kulipokea kwa kiganja, na mafundisho yote yaliyotangulia huwa bure.

Hata watu wazima wameligundua jambo hili. Babe Ruth alipiga kwa magongo yenye uzito wa zaidi ya aunsi 40, ambazo ni zaidi ya kilo moja. Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa mapigo mema 406 katika kila 1,000, alipendelea magongo mepesi kuliko yale ya wakati wa Ruth. Aliamini kwamba mwendo wa gongo una faida kuliko uzito wake. Tangu hapo wapigaji wamezidi kufuata njia hiyo. Sheria za ligi kuu huruhusu gongo lenye urefu wa hadi inchi 42, lakini katika madaraja ya watoto ya Little League gongo lisipite inchi 33, na watoto wengi huhitaji fupi kuliko hilo.

Kuna njia rahisi ya kupima bila mizani. Mtoto alishike gongo kwa mkono mmoja na kulinyosha upande, mkono ukiwa sawa na bega, huku akihesabu polepole mpaka 20. Kama gongo linashuka au mkono unatetemeka kabla hajamaliza, ni zito mno kwake. Tena autazame unene wa mpini. Vidole visivyoweza kuuzunguka mpini haviwezi kuushika.

MFUPA MDOGO WENYE NDOANO

Ndani ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, uko mfupa mdogo wenye ncha iliyopinda kama ndoano. Mtu akishika gongo kwa kiganja, au kirungu kikikaa pale pale juu ya mfupa huo, kila pigo huusukuma. Siku moja ndoano hiyo yaweza kuvunjika. Jambo hili huwapata zaidi vijana wakubwa na watu wazima, wala halimwachi aliye hodari. Giancarlo Stanton aliuvunja mfupa huo mwezi wa Juni 2015, na Mike Trout mwezi wa Julai 2023. Wote wawili ni wapigaji wa kulia, na wote waliumia mkono wa kushoto, yaani mkono wa chini ulio karibu na kirungu.

Kijana akilalamika maumivu ya kudumu katika upande huo wa kiganja, au akiona kwamba mkono umepungua nguvu ya kushika, aache kupiga, apelekwe hospitali. Amweleze mganga kwamba hucheza besiboli, kwa sababu picha ya eksirei ya kawaida yaweza isiuonyeshe ufa wa mfupa huo. Asiambiwe avumilie kwa kuwa yeye ni mwanamume.

Kuwashwa kwa viganja ni jambo jingine. Gongo lina mahali pake pema pa kupigia, kiasi cha inchi tano hadi saba kutoka ncha ya tumbo lake. Mpira ukipigwa hapo, mpigaji hahisi kitu mikononi. Ukipigwa karibu na mpini au kwenye ncha, mtikisiko huja mikononi kama mchomo wa nyuki, hasa asubuhi ya baridi. Mtoto aliyechomwa hivyo mara mbili tatu huogopa, akaanza kukaza mno au kurudi nyuma. Aelezwe sababu, na hofu itapungua.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Mazoezi ya kushika hayahitaji uwanja wala fedha. Wala si ya wavulana peke yao, maana Little League iliwafungulia wasichana mlango tangu mwaka 1974. Dakika kumi kwa siku zatosha, kwa utaratibu huu:

1. Mtoto aliweke gongo chini na kulichukua kwa vidole, mara kumi, akitazama viungo vya hodi kila mara.

2. Apige hewa polepole na kusimama katikati ya pigo, ili avitazame viganja vyake, kimoja juu na kingine chini.

3. Apige mpira uliowekwa juu ya kigingi kinachofika kiunoni, kabla ya kujaribu mpira unaorushwa. Mpira laini wa matambara wafaa sana kwa mwanzo.

4. Kila baada ya mapigo matano aliweke gongo chini, aifute mikono, ashike upya. Mikono iliyochoka hurudi katika kiganja bila mwenyewe kujua.

Mwalimu asirekebishe mambo mengi kwa siku moja. Mtoto anayeambiwa habari za miguu, macho, viwiko na vidole kwa pamoja hashiki hata moja. Vidole vitangulie. Hayo mengine yatafuata, na yatakuwa mepesi.

Mtoto aliyebadilishiwa namna ya kushika atapiga vibaya zaidi kwa siku chache, na huenda akataka kurudi katika mazoea yake ya zamani. Wazazi na waalimu wamtie moyo kuvumilia siku hizo. Aaron alibadilisha akiwa na miaka 18, nayo ilikuwa kazi. Mtoto wa miaka minane atabadilika kwa urahisi zaidi, kwa maana udongo uwahi ungali maji.